Shafti imekatika kwenye shifti yako, je hiyo ni hujuma?

Msomaji mmoja ameniandikia, barua yake naifupisha hivi: "Mimi ni opereta wa pampu kubwa kiwandani, mwaka wa sita huu. Tulikuwa na mvutano na uongozi kuhusu malipo ya ovataimu, siku tatu baadae usiku shafti ya pampu ikakatika nikiwa zamu mimi. Asubuhi nikapewa barua ya kusimamishwa kazi, imeandikwa 'tuhuma za hujuma dhidi ya mitambo'. Sijagusa kitu. Naomba kujua kisheria hujuma ni nini hasa, na wanaweza kunifunga? Na mbona vitani watu wanalipua viwanda afu wanavishwa nishani?"

Pole sana ndugu yangu. Kazi yangu mimi ni kuchunguza mitambo iliyokufa, naitwa na kampuni za bima, na wenye viwanda, mara nyingine na mawakili wa wafanyakazi, kwaiyo kisa chako si kigeni kwangu hata kidogo. Ntajibu yote matatu, ila kabla ya sheria na kabla ya vita kuna jambo la kufanya leo leo usisubiri kesho. Andika barua ya heshima, omba vipande vyote viwili vya ile shafti vihifadhiwe kama vilivyo, visioshwe, visipigwe brashi ya waya, visichomelewe, visiende skrapu, na mtu yeyote asijaribu kuvigusanisha kuona kama vinaingiana. Baki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Hili la mwisho la kugusanisha watu hawalijui, kila fundi akiona chuma kimekatika mkono wake wenyewe unaenda kukirudishia, na pale pale anasaga alama ambazo ndo ushahidi wako wote.

Manake shafti inaongea. Chuma kinachokatika kwa kuzidiwa ghafla, mathalan mtu kaingiza nondo kwenye mashine inayozunguka, na chuma kinachokatika kwa uchovu, havifanani usoni. Uchovu wa chuma ni ufa mdogo sana unaoanzia sehemu dhaifu, kwenye shafti mara nyingi ni pembe ya ule mfereji unaochongwa kushikilia pulee au kapolingi, au pale kipenyo kinapobadilika ghafla, na kila mzunguko ufa unasogea kidogo, wiki nyingi, miezi, mpaka kipande kilichobaki kizima hakiwezi tena kubeba mzigo, ndo inakatika. Ukiangalia sura ya mvunjiko utaona eneo laini lenye mistari iliyopinda, kama alama anazoacha mchangani maji ya bahari yakikupwa, mstari baada ya mstari, na pembeni kuna eneo dogo limekwaruzika linang'aa kama limevunjika leo, na kweli hilo ndo limevunjika leo. Lile laini mara nyingi limeshaingia kutu au weusi wa oili kwa sababu lilikuwa wazi zamani. Na kuna kitu kingine kizuri zaidi kwako: hilo eneo la kukwaruzika likiwa dogo, maana yake mzigo wa mwisho haukuwa mkubwa, yani pampu ilikuwa inafanya kazi yake ya kawaida tu, hakuna aliyeizidishia. Likiwa kubwa ndo tunaanza kuulizana nani alifanya nini.

Nilishaitwa kiwanda kimoja, sitakitaja, wafanyakazi watatu wa zamu ya usiku walikuwa wameshafukuzwa kwa hiyo hiyo "hujuma". Meneja alinipeleka stoo, shafti ipo chini imefunikwa gunia. Nikaichukua nje kwenye jua, nikaiinamisha ili mwanga uje kwa pembeni, na sikuhitaji hata kioo cha kukuzia: karibu robo tatu ya ile sura ilikuwa ya kahawia, kutu ya zamani, mistari imejipanga kuanzia pembe ya mfereji. Nikamuonyesha meneja kwa ncha ya kalamu, hapa ndo umeanzia, hapa ulikuwa umeshafika kabla hawa vijana hawajaingia zamu ile. Alinyamaza muda mrefu. Tukafungua daftari la matengenezo, tukakuta fomeni alishaandika mara mbili kwamba mtikisiko umezidi na alaimenti, yani unyoofu wa shafti na mota, inatakiwa ipimwe upya, na hakuna aliyefanya. Wale vijana walirudishwa kazini, ila mmoja alikuwa ameshahama na familia yake, na mpaka leo hilo linaniuma, kwa sababu kipimo kilichowaokoa kilichukua dakika kumi na kingeweza kufanyika asubuhi ile ile.

Sasa nisikudanganye, hujuma ipo na nimeiona. Nimeona bolti zilizofunguliwa kwa spana zikiwa na nyuzi nzima kabisa, wakati bolti iliyong'oka kwa nguvu nyuzi zake zinakuwa zimenyooka au zimechanika. Nimeona beringi zenye mikwaruzo ya mchanga mashine ambayo filta yake haikuwa na tundu lolote, yani mchanga haukupita njia ya kawaida. Nimeona pia mambo yanayoitwa hujuma kwa imani tu, kama ile hadithi ya sukari kwenye tangi la petroli kwamba inageuka uji na kugandisha injini. Sukari haiyeyuki kwenye petroli, inakaa chini kama changarawe, ikisumbua itasumbua filta. Nimeona mtu ananyooshewa kidole kwa hadithi hiyo, na tulipofungua tangi hakukuwa na sukari hata chembe, ni maji.

Kwaiyo chuma kinaweza kukwambia imekatikaje na ufa ulianza lini takriban. Hakiwezi kukwambia nani, wala alikuwa anawaza nini. Na sheria, ndugu yangu, yote inazunguka hapo kwenye kuwaza.

Twende kwenye neno lenyewe. Hujuma tumelipata kwenye Kiarabu, ni shambulio. Kwenye Kiswahili limepanuka mno, Tanzania kuna sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka 1984 ambayo ndani yake kuna makosa mengi ambayo hata hayana mashine iliyovunjika, mtu anaweza kushtakiwa kwa kuisababishia mamlaka hasara. Wazungu nao wanalo lao, sabotaji, na umeshasikia bila shaka kwamba linatokana na viatu vya mbao ambavyo wafanyakazi wa Ufaransa walikuwa wanavitupa kwenye mashine. Viatu vilikuwepo kweli, vinaitwa sabot, lakini hiyo ya kuvitupa kwenye mashine haina ushahidi, kitenzi chenyewe kilikuwa na maana ya kufanya kazi ovyo ovyo, kulipua kazi. Na hivyo ndo lilivyoingia kwenye vyama vya wafanyakazi: mwaka 1897 kwenye mkutano wa shirikisho lao CGT mjini Toulouse, Émile Pouget na wenzake walipeleka hoja kwamba malipo mabovu yalipwe kazi mbovu, na wazo walilichukua kwa makuli wa Scotland waliofanya mgomo baridi Glasgow mwaka 1889, wakarudi kazini kwa makusudi wakifanya taratibu na vibaya. Kwaiyo tangu mwanzo neno hili lina watu wawili wanaolivuta, mfanyakazi anamaanisha nimepunguza kasi, tajiri anamaanisha umenivunjia mashine, afu mahakama inakuja inauliza kitu cha tatu kabisa.

Na huyo tajiri amekuwa na serikali upande wake mara nyingi. Uingereza kuanzia 1811 mafundi wa kufuma soksi Nottinghamshire walivunja vyerehani vya kufumia, sio kwa sababu walichukia mashine, walikuwa wanaishi na hizo mashine, walichukia zinavyotumika kutoa soksi hafifu na kushusha malipo. Bunge mwaka 1812 likapitisha sheria ya kunyonga mtu kwa kuvunja mashine, ingawa mshairi Byron alisimama Februari ile kwenye Bunge la Mabwana kuipinga, na Januari 1813 mjini York wakanyongwa watu 17, baadhi yao kwa kuua mwenye kiwanda, wengine kwa kushambulia viwanda na kuiba silaha. Nakwambia hivi ujue kwamba hasira unayoiona kwenye barua uliyopewa ni ya zamani sana, mashine ikifa wakati wa mgogoro wa malipo kila mtu anatafuta mkono wa mtu.

Haya, mahakama inauliza nini. Sheria nyingi za jinai zinataka vitu viwili viwe pamoja, kitendo kilichoharibu mali ya mtu, na nia: ama ulikusudia kuharibu, ama ulijua kabisa kuna hatari ya kuharibu ukaamua kujitosa bila sababu ya maana. Uzembe wa kawaida, kusahau kupaka grisi, kusinzia, huo unaweza kukupotezea kazi na pengine ukadaiwa fidia, lakini si kosa la kuharibu mali kwa makusudi. Mfano mzuri ni kesi ya Uingereza ya mwaka 2003, watoto wawili, mmoja miaka 11 mwingine 12, waliwasha magazeti nyuma ya duka usiku wakayatupa chini ya pipa la taka wakaondoka wakidhani yatazimika yenyewe, moto ukapanda kwenye pipa, ukapanda dukani, hasara karibu pauni milioni moja. Mahakama ya juu kabisa ikasema huwezi kuwatia hatiani kwa hatari ambayo wao wenyewe hawakuiona, hata kama mtu mzima angeiona. Yani hasara kubwa haigeuki kuwa nia. Ukikumbuka kitu kimoja kwenye jibu hili zima kumbuka hicho, kwa sababu utakapoitwa kwenye kikao watakutajia kwanza gharama ya pampu, na gharama ya pampu haisemi lolote kuhusu wewe.

Hujuma yenyewe kama kosa la peke yake, pale nchi zilipoliandika, kwa kawaida linataka zaidi ya hapo, linataka nia ya kudhuru usalama au ulinzi wa nchi. Kanada kwenye sheria yao ya jinai, kifungu cha 52, hujuma ni kuharibu mali au kupunguza ufanisi wa mitambo, meli, ndege, kwa lengo la kudhuru usalama au ulinzi wa Kanada, au majeshi ya nchi nyingine yaliyopo Kanada kihalali, adhabu mpaka miaka 10. Na kifungu hicho hicho kinasema wazi kwamba mtu hahesabiwi amefanya hujuma kwa sababu tu ameacha kazi baada ya kutokukubaliana na mwajiri. Walijua kabisa wenye viwanda wangejaribu kulitumia neno hilo kuvunja migomo.

Ila mgomo nao una mpaka wake, na hapa naomba uwaambie na wenzako. Mwaka 2017 madereva wa magari ya zege wa kampuni ya Glacier Northwest, jimbo la Washington kule Marekani, waligoma wakati magari yameshajazwa zege bichi. Walirudisha magari uwanjani, hata mengine wakaacha matangi yanazunguka, ila zege halisubiri mtu, kampuni ikahangaika kulimwaga lisigande ndani ya magari na lote likaharibika. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na Juni 2023 majaji 8 dhidi ya 1 wakasema chama cha madereva hakikuchukua tahadhari za kutosha kulinda mali ya mwajiri na hatari iliyokuwa inaonekana wazi, kwaiyo kampuni inaruhusiwa kukishtaki kudai fidia. Mimi binafsi naona hukumu ile ilikuwa nzito kwa wafanyakazi, lakini funzo lake la kikazi ni sahihi: kabla ya kuacha mashine, izime kwa utaratibu wake, iandike kwenye logi, mkabidhi mtu. Wewe kama usiku ule uliandika presha na joto kila saa kama inavyotakiwa, hiyo karatasi ni ngao yako, ipige picha.

Kuna upande wa hatari pia, pale sheria inapogeuza mzigo. Kwenye kesi za jinai anayeshtaki ndo anatakiwa athibitishe. Afrika Kusini ya ubaguzi mwaka 1962 walipitisha sheria iliyojulikana kama Sheria ya Hujuma, miezi michache tu baada ya Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la chama cha ANC, kuanza kulipua miundombinu tarehe 16 Desemba 1961, na sheria ile ilikuwa pana kiasi kwamba ukishaonekana umeharibu au hata kuchezea kitu ni juu yako sasa kuthibitisha hukuwa na nia walizoziorodhesha. Adhabu ilianzia miaka 5, ikapanda mpaka kifo. Mandela na wenzake kesi ya Rivonia walishtakiwa kwa hujuma, na Juni 1964 wakapewa kifungo cha maisha. Mandela hakukana kwamba alipanga hujuma, alieleza mbele ya mahakama kwamba waliichagua kwa sababu haihusishi kuua watu na inaacha mlango wa maelewano baadae. Kwaiyo ukisikia mtu anataka sheria ya hujuma iwe "kali", angalia kwanza nani anabeba mzigo wa kuthibitisha nia.

Na hapo ndo tunaingia vitani, swali lako la nishani.

Vita haifuti swali la nia, inabadilisha swali la haki ya kufanya. Mwanajeshi anayepiga shabaha ya kijeshi ya adui ana ruhusa ya kisheria ambayo wewe na mimi hatuna, na kiwanda kinachotengeneza kitu cha vita kinaweza kuwa shabaha. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Februari 1943, vijana wa Norway waliofunzwa Uingereza waliingia kiwanda cha Vemork kilichokuwa kinatoa maji mazito, yani maji yenye haidrojeni nzito kuliko ya kawaida, ambayo Wajerumani waliyataka kwa utafiti wa nyuklia, wakategesha baruti kwenye vyombo vya umeme vya kuyatenganishia, kama kilo 500 za maji mazito zikamwagika kwenye mfereji, hakuna aliyekufa. Walimkuta mlinzi Mnorway ndani, akaomba asubiriwe apate miwani yake maana wakati wa vita kupata nyingine ni shida, na kweli wakamtafutia miwani kabla ya kuwasha utambi. Walikuwa wamevaa sare za jeshi la Uingereza, na waliacha bunduki moja makusudi ili Wajerumani wajue ni kazi ya askari wa Uingereza, wasiwaadhibu wanakijiji.

Sare ile ilikuwa na maana kubwa kisheria. Juni mwaka uliotangulia, Wajerumani 8 walishushwa na nyambizi pwani za Marekani, Long Island na Florida, waharibu viwanda vya alumini na reli, wakazika vitu vyao vya kijeshi mchangani wakavaa nguo za kiraia. Hawakulipua hata bolti moja, mmoja wao alijisalimisha, wote wakakamatwa, na 6 wakauawa tarehe 8 Agosti 1942 kwa sababu waliingia kwa siri bila sare na Mahakama ya Juu ilikataa kuwahesabu kama askari halali. Ila sare si kinga kama aliyekukamata haheshimu sheria. Novemba 1942 askari wahandisi wa Uingereza waliopelekwa Vemork hiyo hiyo kwa ndege zisizo na injini walianguka, walionusurika waliuawa na Wajerumani wakiwa na sare zao, kwa amri ya Hitler ya mwezi mmoja nyuma. Huo ulikuwa uhalifu wa kivita.

Na hata hujuma ya upande wa haki ina bei. Februari 1944 maji mazito yaliyobaki yalipakiwa kwenye kivuko ziwa Tinn, wapiganaji wakakizamisha kwa bomu la saa, wakafa watu 18, raia 14 wa Norway ndani yao. Waliofanya walijua kutakuwa na abiria. Mimi siwezi kuwahukumu, lakini sikubali mtu anayesimulia Vemork akaishia kwenye miwani bila kufika kwenye kivuko.

Mipaka ya vita imeandikwa. Kanuni za Hague za 1907 zinakataza kuharibu mali ya adui isipokuwa pale mahitaji ya vita yanapolazimisha. Itifaki ya kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inakataza kuharibu vitu ambavyo raia hawaishi bila hivyo, mitambo ya maji ya kunywa, mashamba, na inaweka ulinzi wa pekee kwa mabwawa na vinu vya nyuklia kwa sababu ya kile kitakachofunguka vikivunjwa. Kwaiyo pampu kama yako, kama inasukuma maji ya watu, hata vitani inalindwa.

Siku hizi kuna hujuma ambayo hata shafti haiwezi kukuonyesha kwa macho. Stuxneti, programu iliyogundulika 2010, iliingia kwenye kompyuta za kuendeshea mashinepewa, zile mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa, za kurutubisha urani kule Natanz, Iran, ikabadilisha mwendo wa mashine huku ikiwaonyesha maopereta namba za kawaida zilizorekodiwa zamani. Mfikirie opereta wa pale, mashine zinakufa mbele yake, skrini inasema kila kitu sawa, nani atamuamini? Ndo maana kama pampu yenu inaendeshwa na kompyuta, kwenye barua yako ongeza ombi la kumbukumbu za mfumo za siku 30 nyuma, nakala yake itolewe mapema, manake mifumo mingi inafuta rekodi za zamani yenyewe.

Na jua bima wana maslahi yao kwenye neno hili. Mashine ikifa kwa kuchakaa mara nyingi hawalipi, ikifa kwa uharibifu wa mtu wanaweza kulipa kama mkataba unaufunika, ikifa kwa vita wanakwepa. Kampuni ya dawa ya Merck walipigwa na virusi vya kompyuta vya NotPetya Juni 2017, hasara dola bilioni 1.4, kampuni za bima zikasema hicho ni kitendo cha vita, mahakama za New Jersey zikakataa, na rufaa ikakataliwa 2023. Sisemi mwajiri wako ana mpango huo. Nasema muulize kwa upole kama wameshafungua dai la bima, na kwenye fomu waliandika sababu gani, kwa sababu ile sababu waliyoiandika kule na ile waliyoiandika kwenye barua yako zinatakiwa zifanane.

Kufungwa, basi: kwa ulichonieleza, mgogoro wa ovataimu na kuwa zamu usiku ule ni mazingira tu, hayathibitishi nia, na kama sura ya ile shafti ina mistari niliyokueleza hakuna hata kitendo. Tafuta wakili wa kazi au chama chako kabla ya kikao, usiandike maelezo peke yako usiku ukiwa na hasira, na usikubali kusaini neno "uzembe" kama biashara ya kuepuka neno "hujuma". Ukiruhusiwa kuiona shafti nenda na shahidi, weka rula pembeni, mwanga utoke ubavuni sio mbele, piga sura zote mbili za mvunjiko na ile pembe ya mfereji kwa karibu, afu nitumie.